Herufi Moja

Mwaka wa kwanza tulifundishwa kuuliza:
nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi.
Tukaghani kama watoto wa chekechea,
na mvua ya Concepción ikagonga madirisha ya darasa
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Profesa Iturriaga hakuwa na makuu.
Koti lilelile la kijivu, tufaha mkononi,
na kalamu ya kijani (nyekundu, alisema, ni ya walimu wenye hasira)
ikipita katika sentensi zetu kama jembe la palizi:
“Inasemekana.” Na nani? Ng’oa.
“Umati mkubwa.” Uliwahesabu?
“Huzuni isiyo kifani.” Ng’oa, na mizizi yake.

Mimi nilijiona mwandishi tayari.
Nilikuwa na kitambulisho cha gazeti la wanafunzi,
kimetiwa plastiki, kinaning’inia shingoni;
nilikivaa hata nikienda kununua mkate.

Tanzia ndiyo kazi ya wanaoanza.
Nikapewa mzee mmoja wa Lota,
mchimba makaa wa mgodi uliofungwa kabla sijazaliwa.
Maneno mia mbili. Nilimpigia simu mpwa wake, dakika nne,
kisha nikaandika giza, nikaandika mapafu,
nikaiita taa ya kofia yake nyota ya chini ya ardhi.
Nililipenda mno lile la nyota.
Kalamu ya kijani ikaliacha. Nikavimba kichwa.
Gazeti likatoka Alhamisi.

Ijumaa akaniita.
“Eleuterio nani?”
“Painemil.”
Akanisukumia nakala ya cheti cha kifo, kidole juu ya herufi.
Painemal.
“Ni herufi moja tu, Profesa. Tutasahihisha toleo lijalo.”
“Herufi moja ni mtu mwingine, Maitén.
Umemzika ambaye hajafa,
na aliyekufa umemwacha nje ya kaburi.
Basi la Lota linaondoka saa nane.”

Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuomba radhi,
kwa namna sita,
zote zikianza na “mimi”.

Doña Ercilia alifungua mlango ana unga hadi viwikoni.
Gazeti lilikuwa mezani, limekunjwa kwenye ukurasa wangu.
Nikasema niliyokuja kusema, vibaya.
Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
Alifungua kopo la biskuti, akatoa stakabadhi za mishahara,
miaka thelathini na mmoja, zimefungwa kwa uzi wa kushonea.
Painemil. Painimal. Penemal.
Moja imeandikwa Paine, kisha nukta, basi.
“Hata kampuni hawakuwahi kulipatia,” akasema.
“Maisha yake yote alipokea hela ya mtu asiyekuwepo.”
Akapangusa meza palipokuwa safi.
“Hilo la nyota ni zuri.
Ila aliichukia ile taa. Ilimuumiza shingo.”

Hilo halikuwa kwenye cheti.
Hilo hakuna kalamu ingeliona.
Lilikuwa pale jikoni tangu Jumatatu, linasubiri
mtu abishe hodi na kuuliza.

Akanipa penseli na daftari la hesabu za duka.
“Liandike hapa. Vizuri. Mara moja inatosha.”
Nililiandika taratibu kuliko chochote nilichowahi kuandika,
naye akasimama nyuma yangu, akisoma kila herufi kwa sauti,
hadi ile l ya mwisho.
Kisha akanipa mkate wa moto, nikakataa, akaniwekea mfukoni.

Sahihisho lilitoka ukurasa wa saba,
mistari miwili, chini ya tangazo la baiskeli iliyotumika.

Sasa niko mwaka wa tatu. Baba, fundi wa breki kule Chillán,
hupiga simu Jumapili na kuuliza lile deni la masomo limefika wapi,
na wanatufundisha nini hasa, kwa bei hiyo.
Namwambia: majina.
Hunyamaza kidogo.
“Na langu,” anauliza, “unaliandikaje?”